Nta Juu ya Uso Uliofutwa

Mji ule haukuwa na kalenda. Siku ilikuwa ni maji kubadilishwa.

Katika Nyumba ya Uhakiki kulikuwa na ukumbi mrefu wenye madirisha upande mmoja tu, na ndani yake yalipangwa mabakuli ya udongo mia tatu, yote yakiwa na maji ya mvua. Katika kila bakuli ililala sarafu moja ya shaba iliyofukuliwa chini ya mji, sarafu ya Warumi, ambao dola yao ilikwisha zamani sana. Chumvi ya ardhini ilikuwa imeingia ndani ya shaba ile na kuila kimyakimya, na maji yaliitoa chumvi hiyo kidogo kidogo, kama mtu mpole anavyomtoa mgonjwa maneno. Maji yakishakolea yalimwagwa, yakatiwa mapya, kengele ikapigwa. Kengele hiyo ndiyo iliyokuwa siku. Mji mzima uliisikia na kusema kumekucha, hata jua likiwa utosini.

Yusta alikaa meza ya tatu kutoka mlangoni. Alikuwa msomaji wa sura. Sarafu nyingi zilizofika mikononi mwake zilikuwa zimechakaa hata usingeweza kuzitofautisha na vifungo vya koti. Kila moja aliipima uzito, akaipima upana, kisha akaigeuza taratibu chini ya kioo cha kukuzia akitafuta chochote kilichokataa kufa: ncha ya taji lenye miale, mkunjo wa ndevu, mguu mmoja wa mungu wa kike aliyesimama upande wa nyuma, herufi mbili ukingoni. Kwa mguu mmoja tu msomaji mzuri aliweza kumjua mfalme. Yusta alijifunza herufi za kale ukubwani, macho yakiwa yameshaanza kuchoka, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuzizoea. Kila herufi aliyoiona aliishukuru.

"Asante," aliinong'oneza. "Asante kwa kubaki."

"Unaongea na vyuma tena, mdogo wangu," alisema Bi Konsolata wa meza ya pili, mwanamke mnene mwenye kicheko cha puani. "Siku vikikujibu, uniite na mimi nisikie."

Inafaa kueleza kwa nini watu wazima walihangaika hivyo na shaba iliyooza. Katika mji ule, mtoto alipozaliwa, mkunga aliingiza mkono kwenye mfuko akatoa sarafu moja bila kuitazama. Akakishika kidole gumba cha mtoto, akakibonyeza juu ya sarafu, na pale kilipoangukia ndipo jina la mtoto lilipoegemezwa. Kitabu kikubwa kiliandika: fulani, chini ya uso wa fulani. Tangu hapo mtu aliishi ameegemea uso ule, kama nyumba inavyoegemea msingi ambao mwenye nyumba hajawahi kuuona.

Kisha ukaja Uhakiki. Kila ambaye sarafu yake haikusomeka aliitwa kuketi kwenye benchi uani, na sarafu yake ikatiwa majini. Alipewa maji tisa. Kadi ya kuandikia uso wake ikiwa bado tupu kengele ya tisa ilipolia, sarafu ilikwenda kwenye tanuri. Hakuna aliyeuawa. Mji ule ulijivunia jambo hilo, kwamba haukuua mtu. Aliyekuwa benchini aliinuka tu, akajipangusa vumbi, akatoka getini, na hakuna aliyemjua ni wa nani, wala yeye mwenyewe.

Bakuli namba mia mbili na kumi na nne lilikuwa la Telesfori, fundi lipu, mume wa Yusta.

*

Msomaji hakuruhusiwa kumsoma ndugu yake. Bi Konsolata ndiye aliyebadilisha mabakuli, akalisukuma lile la Telesfori mbele ya Yusta kwa kiwiko huku akijidai anafuta meza.

"Mimi sijakupa kitu," alisema. "Na hiki pia sijakupa." Akaweka ndimu juu ya kitambaa. "Kata, sugua na chumvi. Uchafu wote unatoka mara moja. Maji tisa hayakutoshi, Yusta. Sarafu kama hii inataka maji mia."

Yusta aliitazama ndimu. Kisha akaitazama sarafu. Ganda la kijani kibichi lililoiva kuwa jeusi lilikuwa limeifunika yote.

"Uchafu ndio uso, dada. Shaba ya chini imeshaliwa. Ganda ndilo lililoshika umbo. Ukilitoa, linaondoka na kila kitu."

"Unanifundisha mimi?"

Bi Konsolata akatia mkono kifuani, akatoa kipande cha shaba kilichong'aa kama gamba la samaki, laini pande zote mbili. Hakikuwa na uso, hakikuwa na herufi, hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Ya mama yangu. Nilitaka aende mbele ya Mhakiki akiwa safi. Niliona aibu mama yangu kuonekana mchafu." Akakigeuza mwangani. "Kimependeza, sivyo?"

"Mama aliitwa nani, dada?"

"Hapo ndipo penyewe."

Mahali fulani katika ukumbi maji yalikuwa yakidondoka.

"Sasa kwa nini unanipa ndimu?" Yusta aliuliza.

Bi Konsolata alikirudisha kile kipande kifuani, akafunga kifungo cha blauzi. "Sijui. Labda nimechoka kuwa peke yangu."

*

Mchana alimpelekea mumewe chakula. Benchi lilikuwa refu, limepangwa watu kama nguo kwenye kamba, na kila mmoja alikuwa amepauka kidogo kuliko alivyokuwa jana yake. Telesfori alikaa karibu na mwisho. Kidole gumba chake kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, kikizunguka, kikizunguka, tabia aliyokuwa nayo tangu ujana.

"Umekula chochote?"

"Nimekula. Au nilikula jana. Nani anahesabu humu?" Akafungua bakuli, akanusa. "Wameniuliza nafanya kazi gani. Nikawaambia nazipaka kuta poda, zisione haya mbele za watu. Yule karani akaandika: muuza vipodozi."

Yusta alicheka.

Kengele mbili baadaye alimkuta akimwambia jirani yake wa benchi: "Yule mama anayeleta ugali na dagaa ni mke wa nani? Anapika vizuri. Chumvi tu ndiyo anaibania." Alipomwona amesimama pale akatabasamu. "Nakutania bwana." Akatulia. Macho yake yakapita usoni mwa mkewe kama mtu anayepapasa ukutani akitafuta mlango. "Nakutania, Yusta."

Ulikuwa ukimya mfupi, wa pumzi moja tu. Lakini Yusta alirudi kwenye meza yake akiwa ameubeba kama mtu aliyebeba maji moto viganjani.

Ee Bwana. Wewe unayezijua nywele zetu. Je, unatujua kwa sababu tumeandikwa, au tumeandikwa kwa sababu unatujua? Nimekuwa nikiamini la pili. Leo nimeona mtu akipotea kwa sababu bakuli lina chumvi. Nijibu, Bwana. Au usinijibu, lakini usiyapeleke maji haraka.

Aliyekuja ni Bwana Prosperi, Mhakiki Mkuu, mtu mwembamba aliyependa kutembea mikono ikiwa nyuma. Alipita kati ya meza, akatazama mabakuli, akainua kidole. Maji yakamwagwa. Kengele ikalia. Kabla wahudumu hawajaweka ndoo chini, akainua kidole tena. Kengele. Na tena.

"Mheshimiwa," Yusta alisema, "hizo ni siku tatu, na jua halijasogea."

"Jua si mtumishi wa Nyumba hii, mama. Lingekuwa mtumishi ningelihakiki."

Wengine walicheka kwa sababu yeye ndiye aliyesema. Mjini, watu waliokuwa wameagana kukutana kesho walijikuta miadi imekwisha kupita. Mwanamke mmoja alijifungua mtoto ambaye siku yake ya kupewa jina ilikuwa imeshapita. Bakuli namba mia mbili na kumi na nne lilikuwa limefika maji ya nane, na mwili wa Yusta ulijua kwamba bado ilikuwa siku ya tatu.

*

Jua lilipoinama, aliitoa sarafu majini. Aliikausha kwa kitambaa cha pamba bila kuisugua, akaigusagusa tu. Akachukua mwiba wa mgunga, kwa kuwa chuma kingeikwaruza, akaondoa udongo uliobaki, chembe moja baada ya nyingine, akishika pumzi. Kisha akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha juu ya kitambaa cheusi, akainamisha kichwa mpaka shavu lake likagusa jiwe, akangoja mwanga ulale.

Msomaji yeyote wa sarafu zilizochakaa anaijua saa hiyo. Mwanga wa mchana unafuta. Unaanguka wima na kusema kila kitu ni tambarare. Mwanga wa jioni unatambaa. Unajikwaa kwenye kila mwinuko, hata ule mwembamba kuliko ukucha wa mtoto, na pale unapojikwaa unaacha kivuli. Vivuli ndivyo vinavyosomwa.

Upande wa kulia palikuwa na uso. Huo alikuwa ameuona tangu maji ya pili: kijana mwenye shingo nene na paji lililokunjamana. Alikuwa amemtambua bila shida. Kilichomsumbua ni mahali alipokaa. Kichwa kilisukumwa ukingoni kabisa, kikiangalia kushoto, na kushoto hapakuwa na kitu. Mchongaji gani wa mihuri ya kupigia sarafu angeiacha nusu ya sarafu tupu? Kila mtu aliyeishika alisema: upande huo umechakaa.

Mwanga ulilala. Yusta akaona mikwaruzo.

Ilikuwa mingi, mifupi, imebanana, na yote ilikwenda upande mmoja. Mikono ya watu haichakazi hivyo. Mikono inasugua kila upande, mwaka baada ya mwaka, kama miguu inavyoila ngazi ya kanisa. Kinachokwenda upande mmoja ni patasi. Sarafu hii haikuchakaa. Ilifutwa, na aliyeifuta alikuwa na amri mkononi.

Chini ya mikwaruzo, kidevu. Kidevu cha kijana mdogo zaidi. Nusu ya mdomo. Na ukingoni herufi tatu, na nafasi ya nne.

Geta.

Alikuwa amesoma habari zao darasani. Ndugu wawili waliotawazwa pamoja, wakachongwa wakitazamana kwenye shaba moja. Mkubwa, Karakala, akaamuru mdogo auawe, na mdogo akafa mikononi mwa mama yao. Kisha Karakala akapeleka amri nyingine kila pembe ya dola: popote penye jina la ndugu yangu, ling'olewe. Na katika mji fulani, asubuhi fulani, mtu fulani ambaye pengine alikuwa na watoto na mgongo unaouma, aliiweka sarafu hii juu ya ubao, akaishikilia kwa kidole, akapiga.

Mfalme yule amekufa. Mifupa yake haina tena hata vumbi. Lakini ukutani mwa Nyumba ya Uhakiki ilitundikwa Orodha ya Waliofutwa, na juu yake yaliandikwa maneno ambayo Yusta aliyapita kila siku bila kuyatazama: sarafu yoyote yenye uso uliomo humu iyeyushwe mara itambuliwapo. Jina la Geta lilikuwa la sita. Amri haikuwa na tarehe ya kufa. Aliyeitoa aliacha kupumua, yenyewe ikaendelea kula.

Kidole gumba cha Telesfori kilibonyezwa kushoto. Yusta alijua, maana mama mkwe alimwambia kabla ya kufa: mwanangu aliegemezwa kushoto, muwe waangalifu.

Basi njia zilikuwa hizi. Akiacha kadi tupu, tanuri. Akiandika alichokiona, tanuri. Na ya tatu ilikuwa kuandika nusu. Karakala alikuwepo kweli kwenye sarafu, kwa pua na kwa shingo. Kalamu ikimwandika yeye peke yake, hakuna neno moja la uongo litakaloandikwa.

Bwana, niliapa mbele yako kwamba nitaandika ninachokiona. Sikuapa kwamba nitaandika chote ninachokiona. Unaniona ninavyotafuta mlango? Unaniona, na huniambii kitu.

Kengele ya tisa ikalia, na jua lilikuwa bado dirishani.

*

Bwana Prosperi aliisoma kadi kwa sauti, kama kawaida yake. "Sura: Karakala. Nyuma: mwanamke ameketi, hajulikani. Maandishi: hayajakamilika." Akaiokota sarafu kwa kucha mbili. "Kazi nzuri, mama. Wengine walishindwa." Akaiinamisha. "Na huku kushoto?"

Bi Konsolata aliacha kufuta meza.

"Pamechakaa, Mheshimiwa," alisema Yusta.

Neno moja. Lilitoka jepesi, wala halikutetemeka. Baadaye alijaribu kukumbuka kama lilikuwa na uzito wowote mdomoni, akaona halikuwa nao.

Bwana Prosperi akafungua Kitabu. "Mwenye sarafu ni Telesfori. Telesfori, Telesfori... ameegemezwa kushoto. Na kushoto umesema pamechakaa. Kwa hiyo jina hilo halina pa kukaa."

"Lakini mtu yupo, Mheshimiwa. Yupo hapo uani. Mwite."

"Mtu yupo, ndiyo. Nani amesema hayupo? Tunampa kilichopo." Kidole chake kilishuka taratibu kwenye ukurasa. "Chini ya Karakala ipo nafasi moja. Krisanti, mpiga pasi. Imekaa wazi tangu tanuri lililopita. Safi kabisa, haijagombewa na mtu." Akainua macho, na machoni hamkuwa na ubaya wowote. "Ama una neno la kuongeza kuhusu upande wa kushoto?"

Yusta aliangalia dirishani. Kwenye benchi mtu aliyepauka alikuwa ameketi, gumba lake likizunguka polepole, karibu kusimama.

"Sina," alisema.

Sheria ilimtaka msomaji aikamilishe kazi kwa mkono wake. Aliipasha sarafu moto juu ya sahani ya bati mpaka unyevu wote ukatoka, akachovya brashi kwenye nta, akaipaka. Nta iliingia katika kila ufa. Shaba ikawa nyeusi yenye kina, na Karakala akaonekana ameamka kutoka usingizini. Ndiyo kazi ya nta: hewa haipiti, chumvi haiamki, kilichopo chini kinabaki kama kilivyo. Kikiwa kweli kinabaki. Kikiwa uongo kinabaki vilevile. Nta haiulizi.

*

Mumewe alipiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

"Karibu," alisema Yusta.

"Asante, mama. Wameniambia ndipo hapa." Alisimama katikati ya chumba, mikono ikiwa haijui pa kwenda. Akatazama ukuta aliokuwa ameupaka lipu yeye mwenyewe mwaka waliooana, siku nne mfululizo, akiimba. "Nani alifanya hii kazi? Ovyo kabisa. Tazama mawimbi haya."

"Fundi mmoja," alisema Yusta. "Alikuwa na haraka. Alikuwa anaoa."

Hakuwa mtu mbaya, Krisanti. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Aliamka mapema, akatia makaa kwenye pasi, akanyoosha nguo za watu mpaka zikasimama zenyewe. Alishukuru kwa chakula. Alikula kwa mkono ule ule, lakini kidole gumba chake kilitulia mezani kama kitu cha mtu mwingine.

Yusta hakuungama. Aliona kwamba hawezi kutubu jambo ambalo angelirudia. Lakini kila kengele ilipolia, kabla hajawasha moto, alipiga magoti akaomba kwa jina la kweli. Kitabu na kiandike kitakavyo. Mungu hahitaji Kitabu cha Bwana Prosperi. Maadamu mtu mmoja analitamka jina mbele zake, jina lina pa kukaa. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na maneno hayo yalimbeba kengele ishirini, yakambeba thelathini.

Kengele ya arobaini alipiga magoti kama kawaida. Aliombea walio benchini. Alimwombea Bi Konsolata, na mama wa Bi Konsolata ambaye Bwana anamjua. Alimwombea hata Bwana Prosperi. "Na umlinde mume wangu Krisanti," alisema. "Amina."

Alikuwa ameshajipangusa magoti alipolisikia.

Akarudi chini. Akafungua mdomo kusahihisha, akangoja jina lije. Lilikuwa refu kuliko Geta, hilo alilijua. Lilikuwa na wimbo ndani yake. Lilikuwa la mtu aliyezipaka kuta poda. Chumba cha pili pasi ilikuwa ikipita juu ya nguo, kwenda na kurudi, kwa utulivu.

Aliichukua rafuni sarafu aliyorudi nayo Krisanti, akatoka nayo mlangoni kulitafuta jua, akakaa kwenye kizingiti akangoja mwanga ulale. Ulipolala, nta iling'aa upande wa kushoto, na katika mng'ao ule hakuona kidevu wala herufi. Akaweka kidole gumba pale zilipokuwa. Akasugua apate kuzihisi. Hakuzihisi, akasugua kwa nguvu zaidi, akiita moyoni bila jina, na jua lilikuwa karibu kuzama alipokitazama kidole chake, akaona kwamba kilikuwa kikienda upande mmoja tu.